Kilomita za Gari la Kuagiza: Dalili za Odomita Iliyochezewa na Namna ya Kuzifuatilia

Ukimuuliza muuzaji kama kilomita za gari lake ni za kweli, atakujibu ni za kweli. Huenda hata hadanganyi. Huenda naye aliambiwa hivyo na aliyemuuzia. Kwa hiyo swali hilo liache. Uliza lingine: gari hili lilisoma kilomita ngapi, tarehe gani, na nani aliyeandika?

Tarehe ndiyo inayosahaulika. Watu huhangaika na namba iliyo kwenye dashibodi, wakati namba peke yake haichunguziki. Ukipata jozi mbili za tarehe na kilomita, unajua gari lilitembea kiasi gani kati ya siku hizo. Ukipata jozi nne au tano, umeijua tabia yake, na hapo namba ya dashibodi ama inakaa kwenye mstari ama inajitoa yenyewe. Karibu kila dalili nitakayoieleza hapa chini hutatuliwa kwa kurudi kwenye jozi hizo.

Chukua karatasi, andika safu ya tarehe na safu ya kilomita, kisha anza kujaza.

Jozi hizo zinatoka wapi

Kabla ya yote, soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi yenyewe, si ile ya kibati peke yake, uilinganishe na kila karatasi. Karatasi nzuri ya gari lingine haina msaada. Nimewahi kuonyeshwa karatasi safi kabisa ya mnada (ripoti ya hali ya gari inayoandikwa linapouzwa mnadani), namba ya chasisi ikatofautiana kwa tarakimu moja. Muuzaji akasema ni kosa la uchapaji. Labda.

Gari lililotoka Japan lina chanzo kizuri kuliko mengi: ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya la abiria la mtu binafsi hukaguliwa mara ya kwanza likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Vani za mizigo za aina ya Probox huanza mwaka wa 2 na kurudi kila mwaka, kwa hiyo zina jozi nyingi zaidi. Tangu 2004 kilomita huandikwa kwenye cheti cha ukaguzi huo, na namba hiyo huhamia kwenye cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: kilomita za kwenye cheti hicho si za siku gari lilipoondoka, ni za ukaguzi wa mwisho. Dashibodi ikizidi cheti, hiyo ni kawaida. Ikipungua, endelea kusoma.

Kuna pia karatasi ya mnada, na kuna kitabu cha matengenezo kinachoitwa tenken seibi kirokubo, ambacho mara nyingi husahaulika ndani ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria. Usiogope herufi zake. Unachotafuta ni tarakimu, nazo zinasomeka. Tatizo ni mwaka, kwa sababu Wajapani huandika mwaka wa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei, herufi H, ongeza 1988. Reiwa, herufi R, ongeza 2018. H28 ni 2016, R3 ni 2021. Mwaka hutangulia, ukafuata mwezi, kisha siku.

Gari la Uingereza lina historia ya ukaguzi wa lazima wa huko uitwao MOT, ambayo mtu yeyote huisoma bure kwenye tovuti ya serikali yao akiwa na namba ya usajili ya huko, na kumbukumbu za England, Scotland na Wales zinaanzia 2005. Namba hizo mara nyingi ni maili. Gari la Marekani lina hati ya umiliki ambayo sheria inataka iandikwe kilichosomeka kwenye odomita (mita ya kuhesabu umbali) kila linapouzwa. Ukikuta maneno "Not Actual Mileage" kwenye hati hiyo, mwenye gari mwenyewe alikwishakiri kwamba namba si ya kweli. Ukikuta limesamehewa kutaja, si lazima kuna hila: magari ya kabla ya toleo la 2011 yalisamehewa yakifika miaka 10, na kuanzia toleo la 2011 muda huo ni miaka 20. Ubelgiji wana hati yao iitwayo Car-Pass tangu 2006, ambayo huorodhesha usomaji wote uliowahi kutumwa na gereji na vituo vya ukaguzi.

Dalili ya kwanza: dashibodi inasoma pungufu kuliko karatasi

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, lakini nayo ina sababu kadhaa, na moja tu kati yake ni wizi.

Anza na maili na kilomita. Maili moja ni kilomita 1.609. Ukaguzi wa Uingereza ulioandika 93,900 kwa kilomita na dashibodi inayosoma 58,400 kwa maili vinasema kitu kilekile. Tazama sahani ya spidi: imeandikwa mph au km/h? Kwenye magari mengi ya skrini unaweza kubadili kipimo kwa kitufe, odomita ikabadilika pia. Mtego wa upande wa pili ni mbaya zaidi kwa mnunuzi, yaani gari la maili 58,400 kutangazwa kama la kilomita 58,400. Hakuna aliyegusa mita, na bado umepigwa kilomita elfu thelathini na tano.

Pili ni kosa la mwandishi wa ukaguzi. Tuseme historia inasoma 45,210, kisha 52,900, kisha 6,140, kisha 70,300. Namba ya tatu imepoteza tarakimu. Kilichokusudiwa ni kitu kama 61,400. Unalijua kosa kwa sababu safu inarudi kwenye mwendo wake mara moja. Odomita iliyorudishwa nyuma haifanyi hivyo. Hushuka, halafu huendelea kupanda kutoka pale iliposhukia: 45,210, 52,900, 31,000, 38,500. Kutofautisha kosa na uchakachuaji kunataka usomaji mmoja zaidi baada ya ule wenye shaka. Kama ule wenye shaka ndio wa mwisho, huna jibu kwa karatasi pekee, itabidi usome mwili wa gari na kompyuta yake.

Tatu ni mita iliyobadilishwa kihalali, ambayo nitairudia.

Nne ndiyo hiyo unayoihofia. Mfano wenye namba: gari lilisajiliwa Machi 2013. Ukaguzi wa H28 mwezi wa 3 unasoma 31,200. H30 mwezi wa 3, 52,700. R2 mwezi wa 3, 74,100. Yaani mwenyewe alikuwa akitembea karibu kilomita 900 kwa mwezi, bila papara, miaka saba. Mwezi Novemba 2021 linasimama mbele yako likisoma 63,000. Hapo hakuna la kujadili.

Lakini mchakachuaji mwenye akili husoma karatasi kabla ya kushika mita. Hatakuwekea 63,000. Atakuwekea 76,500, juu kidogo ya usomaji wa mwisho, na karatasi zote zitakubaliana naye. Ndiyo maana nasisitiza tarehe. Kutoka Machi 2020 hadi Novemba 2021 ni miezi 20, na kwa kilomita 900 kwa mwezi ulitakiwa kuona kama 92,000. Gari limetembea 2,400 tu. Inawezekana mwenye gari alizeeka, alihamia karibu na kazini, au gari lilikaa yadi ya muuzaji mwaka mzima likisubiri mteja. Inawezekana pia kwamba elfu kumi na tano zimekatwa. Mteremko wa ghafla wa mwendo baada ya usomaji rasmi wa mwisho ndio mahali pa kuchimba.

Dalili ya pili: karatasi zinakubaliana, gari limechoka

Hapa watu wengi hutazama vitu visivyofaa. Taa za mbele zilizofifia, rangi iliyopauka juu ya paa, dashibodi iliyopasuka: hiyo ni kazi ya jua na miaka, si ya kilomita. Gari lililoegeshwa nje miaka kumi bila kutembea litakuwa na taa za njano kuliko teksi iliyolala gereji.

Mbinu ninayoiamini ni kulinganisha kiti cha dereva na kiti cha abiria wa mbele. Viti hivyo vina umri mmoja, vimepigwa jua lilelile, vimeoshwa na mtu yuleyule. Kilichotofautiana ni matumizi. Bonyeza kingo ya kiti upande wa mlango, pale dereva anapojiburuza akiingia. Kama sponji imelala na ya abiria bado imesimama, kiti kimeingiwa mara nyingi. Vuta mkanda wa dereva wote hadi mwisho, kisha wa abiria. Mkanda uliovutwa maelfu ya mara huwa na nywelenywele pembeni na hurudi kwa uvivu. Fungua mlango wa dereva nusu uunyanyue kwa mkono: ukicheza juu na chini kwenye bawaba huku wa abiria umetulia, umefunguliwa sana. Kisha swichi ya dirisha la dereva, kichwa cha gia, na vitufe vya ufunguo.

Usukani na raba za pedali kila mtu anavijua, na kwa sababu kila mtu anavijua, ndivyo vya kwanza kubadilishwa. Gari la miaka tisa lenye raba mpya za pedali linanitia wasiwasi kuliko lenye raba zilizolika. Kava ya usukani ivue. Kava za viti zifunue angalau kona moja. Muuzaji akikataa, uliza kwa nini.

Kioo cha mbele ni shahidi mzuri asiyesumbuliwa na mtu. Chuchumaa ndani ya gari ukiangalia upande wa jua. Kioo kilichotembea barabara kuu kwa miaka huwa kimejaa vitobo vidogo mno vya mchanga na kokoto, vinang'aa kama vumbi lisilofutika. Kioo kisicho na hata kimoja kwenye gari la zamani huenda kimebadilishwa. Tazama kama chapa na alama zake zinafanana na za vioo vingine.

Ukishaona uchakavu, usihukumu bado. Gari lililofundishia udereva, gari la kusambaza vifurushi, au gari la mjini lenye kusimama kila mita mia mbili huchakaza viti, milango na pedali kwa kilomita chache sana. Uchakavu huo una sura yake: milango imelegea, kiti kimelika, lakini kioo cha mbele ni kizima na diski za breki zina ukingo mkubwa. Gari la safari ndefu hugeuza picha: kiti kimejitahidi, milango imara, kioo kimetobolewa. Ukikuta kioo kimetobolewa namna hiyo na odomita inasoma 45,000, vitu viwili vinabishana. Na kiti cha nyuma kilicholika kuliko cha abiria wa mbele kinasema gari lilikuwa la biashara ya kubeba watu, hata kama tangazo linasema mwenyewe alikuwa mwalimu mstaafu.

Diski za breki zina tahadhari moja. Kwenye magari ya haibridi, yenye injini pamoja na mota ya umeme, breki nyingi hufanywa na mota, kwa hiyo pedi na diski hudumu mno. Prius yenye diski nzuri haijathibitisha chochote.

Dalili ya tatu: kilomita chache mno kwa umri

Kwenye biashara ya magari yaliyotumika Japan, kilomita 10,000 kwa mwaka ndicho kipimo cha mazoea. Gari la miaka kumi lenye 28,000 basi ni la ajabu, ingawa magari kama hayo yapo kweli, hasa madogo ya wazee na ya akina mama wa safari za sokoni. Kazi yako ni kutafuta lililo kinyume na namba hiyo.

Fungua boneti na milango, tafuta stika. Mafundi wa Japan hubandika kistika cha kubadilisha oili pembeni mwa mlango wa dereva au chini ya boneti, chenye tarehe na kilomita. Anayesafisha gari kwa ajili ya kuuza huwa anazijua stika za mlango. Za kwenye boksi la kichujio cha hewa au kwenye kava la mkanda wa taimingi humponyoka. Mara moja nilikuta kistika cha mkanda wa taimingi kilichoandikwa 102,000 ndani ya gari lililokuwa likisoma 68,000. Muuzaji alikitazama kwa mshangao wa kweli. Nadhani naye alikuwa amedanganywa. Kwenye magari mengi ya soko la Japan mkanda huo hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, kwa hiyo kistika chake chenyewe, hata kama namba imefutika, ni neno zito ndani ya gari linalodai 60,000. Kama injini yako ina mnyororo badala ya mkanda huo, sahau hili.

Tairi zina tarehe. Kwenye ubavu tafuta tarakimu 4 mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la 2015 lenye kilomita 28,000 lingeweza kuwa bado na tairi zake za kwanza. Zikiwa zote nne za 2021, kuna aliyeona za zamani hazifai. Lakini tairi ni ushahidi mwepesi. Mpira hupasuka kwa uzee bila kutembea, na watu wa sehemu za theluji huwa na seti mbili za tairi kwa gari moja. Iandike, usiikamatie.

Na neno la pembeni: hata kilomita chache zikiwa za kweli, si lazima zikufae. Gari lililokuwa likitembea kilomita mbili mbili bila injini kupata moto, au lililolala miezi, hukuachia sili zilizokauka, betri iliyokufa na oili yenye maji. Mimi ningechukua lenye 140,000 na kitabu kamili kuliko lenye 48,000 lisilo na hata karatasi moja.

Dalili ya nne: kompyuta inasema lingine

Odomita ya kidijitali ni namba iliyohifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu ndani ya mita. Kubadilisha namba hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Bahati ni kwamba mita si sehemu pekee inayojua. Kwenye magari mengi ya Ulaya, umbali huandikwa pia ndani ya kompyuta ya injini, ya giaboksi, ya breki za ABS au ya mifuko ya hewa, na kwenye BMW nyingi hata ndani ya ufunguo. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya nyuma hayana ukarimu huo, namba ipo kwenye mita peke yake. Kwa hiyo skana (kifaa cha kusoma kompyuta za gari) kutoonyesha tofauti kwenye gari la namna hiyo hakumaanishi kitu.

Kuna usomaji mmoja ambao hata skana rahisi ya kuunganishwa na simu hutoa kwenye mengi ya magari yanayofuata OBD-II, kiwango cha kusoma kompyuta za magari, yaani ya soko la Marekani tangu 1996 na ya petroli ya Ulaya tangu 2001: umbali uliotembewa tangu misimbo ya hitilafu ifutwe mara ya mwisho. Namba hii huishia 65,535. Haiwezi kuzidi umbali wote wa gari. Ikisoma 61,800 na dashibodi inasema 48,300, mojawapo imetoka kwingine. Ama odomita imeshushwa, ama mita imetolewa gari lingine, ama kompyuta ya injini ndiyo iliyopandikizwa. Usomaji huu hulitia gari hatiani tu, haulisafishi. Ukiwa mdogo, kilomita 12 kwa mfano, hujajifunza chochote isipokuwa kwamba kuna aliyefuta misimbo hivi karibuni au aliyetoa betri. Jiulize tu alikuwa anaficha nini.

Saa za injini nazo ni nzuri pale zinapopatikana. Gawanya kilomita kwa saa upate wastani wa mwendo. Matumizi ya mchanganyiko hutoa kitu kama kilomita 30 hadi 50 kwa saa. Kilomita 40,000 kwa saa 3,500 ni wastani wa kilomita 11 kwa saa, mwendo wa mtu wa baiskeli. Gari la kusimama na injini ikiwaka, kama la zamu za ulinzi, laweza kufika hapo. Gari la familia, sidhani.

Baadhi ya magari ya soko la ndani la Japan hayaijibu skana ya kawaida kabisa. Hapo utahitaji fundi mwenye mashine ya mtengenezaji husika.

Dalili ya tano: namba imeganda, haikai sawa, au inaanza upya

Sifurisha kihesabu cha safari, endesha kilomita 10. Kwenye mita za zamani za magurudumu ya namba, spidi inaweza kufanya kazi huku odomita imesimama kwa sababu gia ndogo ya plastiki ndani imepasuka. Ni ugonjwa wa kawaida. Maana yake ni kwamba kilomita zimeacha kuhesabiwa tangu siku isiyojulikana, kwa hiyo jozi za karatasi ndizo zitakazokuambia lini. Namba zisizokaa kwenye mstari mmoja, moja imepanda na nyingine imeshuka, zinaweza kuwa zimegeuzwa kwa mkono, ingawa magurudumu yaliyochakaa nayo hufanya hivyo. Mita hizo nyingi zina tarakimu 5 za kilomita kamili: baada ya 99,999 hurudi sifuri. Gari la 1994 linalosoma 34,000 uliza kama ni 34,000, 134,000 au 234,000.

Kwenye mita ya kidijitali, spidi na odomita hutegemea ishara ileile. Spidi ikisoma vizuri na odomita ikagoma, ama chipu ya mita ina hitilafu ama kuna kifaa kidogo kimefungwa kwenye nyaya nyuma ya mita ili kilomita zisiandikwe. Kifaa hicho ni kibaya kuliko kurudisha nyuma, kwa sababu kompyuta nyingine nazo hukosa kuhesabu na skana haitaona mgongano. Fundi akitoa mita ataona soketi ya ziada. Kabla hajaitoa, tazama skrubu za kava kama zimekwaruzwa na kioo cha mita kama kina alama za vidole upande wa ndani.

Kuna kuganda kusiko na lawama. Baadhi ya Toyota za miaka ya 2000, zikiwamo Corolla, odomita yake husimama ikifika 299,999 na haiendi mbele tena.

Dalili ya sita: odomita inahesabu, lakini si sawasawa

Hakuna mhalifu hapa, ila hesabu inakuharibikia. Gari linajua idadi ya mizunguko ya gurudumu, halijui ukubwa wa tairi uliloweka. Tairi ya 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634 na nusu. Ukivisha 205/65R16, kipenyo ni kama milimita 673, zaidi kwa asilimia 6. Kila kilomita 100 zinazosomeka, gari limetembea 106. Kibati cha ukubwa halisi wa tairi huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, linganisha na kilichopo.

Kupima, tumia simu yenye GPS. Chagua barabara iliyonyooka, sifurisha kihesabu cha safari, endesha kilomita 20, kisha linganisha. Umbali mfupi hauonyeshi tofauti. Na usilinganishe spidi badala ya umbali: mita ya spidi hutengenezwa isome juu kidogo ya mwendo halisi, odomita haifuati desturi hiyo.

"Mita ilibadilishwa, lakini kilomita ni zilezile"

Maelezo haya huwa ya kweli mara kwa mara. Mita huharibika, na gereji makini huandika tarehe, kilomita za mita ya zamani na za mpya. Kwenye karatasi ya mnada wa Japan herufi メーター交換 maana yake mita ilibadilishwa, na mara nyingi kilomita za zote mbili huandikwa kando. Herufi 走行不明 maana yake umbali haujulikani, na 改ざん ni kuchakachuliwa. Huhitaji kujua Kijapani; yafananishe kwa macho kama unavyofananisha sahihi. Karatasi yenyewe usiipokee kama picha ya simu tu, kwa sababu picha hufutika namba na kuandikwa nyingine. Chukua namba ya chasisi, utafute nakala ya karatasi hiyo kupitia mtu asiye muuzaji.

Mita iliyotoka gari lingine hujisema pia. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mifuko ya hewa, ya ABS na ya injini zinapaswa kuwaka kisha zizimike. Isiyowaka kabisa huenda haina waya katika gari hili, au imezibwa makusudi. Mita yenye mshale wa gia za kawaida ndani ya gari la otomatiki nimewahi kuiona. Hakuna aliyekuwa amejali.

Ukibaki na shaka

Mara nyingi hutapata uhakika. Hapo usinunue kwa namba ya dashibodi wala usibishane nayo. Tafuta jozi ya mwisho unayoiamini, zidisha mwendo wa miezi iliyobaki, na hiyo ndiyo kilomita ya kujadilia bei. Lile gari la 76,500 lihesabu kuwa la 92,000. Mwambie muuzaji aandike kilomita kwenye mkataba wa mauzo kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na kama anathibitisha ni za kweli au hajui. Wengi hubadilisha sauti wanapofikia mstari huo. Ukilinunua, mkanda wa taimingi, oili ya giaboksi na maji ya rejeta vibadilishwe wiki ya kwanza bila kungoja odomita ikufikishe, kisha ubandike kistika chako chini ya boneti, tarehe na kilomita, kwa kalamu isiyofutika.